Mtoto Haongozi Peke Yake: Elimu ya Awali na Kundi la Umri Mchanganyiko Kisangani

Katika maandishi ya kitaalamu kuhusu malezi ya awali, kauli kwamba mtoto ndiye aongoze mafunzo yake imezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza mtoto huyo anaongoza akiwa na nani. Picha iliyo nyuma ya kauli hiyo tunaijua: mtoto mmoja, mkeka mmoja, kifaa kimoja alichokichagua mwenyewe rafuni, na mwalimu aliyejitenga kando akimtazama. Ni picha nzuri, wala sina ugomvi nayo pale ilikozaliwa. Hoja ya makala haya ni kwamba mjini Kisangani, nchini Kongo, picha hiyo inaanza vibaya, kwa sababu inamdhania mtoto kuwa peke yake. Mtoto wa mitaa ya Mangobo au Kabondo mwenye miaka mitatu, minne au mitano hawi peke yake tangu asubuhi hadi usiku. Yumo kundini, na kundi hilo lina watoto wa kila kimo. Ikiwa elimu ya awali mjini humo itaongozwa na watoto, basi wa kuongoza ni kundi. Na jambo la kwanza ambalo shule ya awali hulifanya, tena siku ileile ya kuandikisha, ni kulivunja.

Tulitazame kundi lenyewe kwanza. Alasiri moja ya kawaida, kwenye parseli ya Mangobo, yaani kiwanja kimoja chenye nyumba mbili tatu na ua wa pamoja, msichana wa miaka tisa hivi ametandaza majani mapana ya kufungia kwanga, mkate wa muhogo, chini ya mwembe na kufungua soko. Mgongoni amembeba mdogo wake. Juu ya ubao uliolazwa kwenye matofali kuna lituma, yaani ndizi za kupondwa, ya udongo iliyofinyangwa ndani ya kopo la nyanya, na mawe yaliyopangwa kwa ukubwa, ambayo ni samaki. Mvulana wa miaka saba anazunguka ua akisukuma rimu ya baiskeli kwa kijiti. Yeye ni toleka, teksi ya baiskeli iliyowabeba watu wa mji huu kwa miaka mingi, na abiria wake anakimbia nyuma akiwa ameshika shati lake. Mtoto wa miaka mitano anapokea pesa, ambazo ni vipande vya majani. Wa miaka mitatu ni mteja. Hakuchagua kuwa mteja. Amewekwa hapo kwa kuwa kazi nyingine bado hajaziweza. Analeta jani moja na kutaka samaki wawili. Anaambiwa bado, ongeza. Anaondoka, anaokota, anarudi na majani manne. Sasa anayekwama ni yule wa miaka mitano, maana inampasa kurudisha chenji na hesabu imemshinda. Anamgeukia dada mkubwa, ambaye anahesabu kwa sauti huku akimbembeleza mtoto mgongoni. Biashara yote inafanywa kwa Kiswahili. Lakini anapotokea askari wa kudai ushuru, mwenye kofia ya karatasi, lugha inageuka kuwa Lingala papo hapo, na hakuna aliyeambiwa ageuze.

Mwanasaikolojia akiketi hapo ataona mambo mengi: hesabu inayohusu vitu halisi, zamu, kanuni, uigizaji, lugha mbili zinazogawana kazi. Ila akitafuta mtoto anayejichagulia shughuli kwa hiari yake, hatampata. Mdogo wa miaka mitatu anaamriwa karibu kila dakika. Uhuru wake ni wa namna nyingine: uhuru wa kukaa karibu na jambo kubwa kuliko umri wake, kujaribiwa kidogo, kukosea bila kufukuzwa, na kupandishwa cheo siku atakapoweza. Kesho kutwa atapokea pesa. Siku moja naye atabeba mtoto na kuamua nani awe mteja. Kwa maneno mengine, anajifunza kwa kuwa kuna ngazi mbele yake, na kila kipago cha ngazi hiyo kimeshikwa na mtoto aliyemzidi kidogo tu.

Sasa tumfuate mtoto huyohuyo hadi materneli, kama wazazi wa hapa waiitavyo shule ya awali. Sheria Na. 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu elimu ya taifa inaweka ngazi ya awali ya miaka mitatu kabla ya darasa la kwanza la msingi, na shuleni miaka hiyo imekuwa madarasa matatu: la kwanza kwa watoto wa miaka mitatu, la pili kwa wa minne, la tatu kwa wa mitano. Wa mitatu atakaa na wa mitatu wenzake. Mbele yao yuko mtu mmoja tu ajuaye zaidi yao, naye ni mwalimu, na anajua zaidi kwa umbali mkubwa mno. Ngazi imeondolewa, kimebaki kipago cha chini na kile cha juu kabisa. Si ajabu kwamba kazi inayobaki ni kuitikia kwa pamoja: siku za juma kwa Kifaransa, rangi kwa Kifaransa, sehemu za mwili kwa Kifaransa, kila neno likirudiwa hadi sauti ziwe moja. Wengi humlaumu mwalimu kwa hilo. Mimi nauona ni ufundi wa lazima. Mtu aliyepewa kundi la watoto wasiojua kusaidiana, kwa sababu wote wamesimama mahali pamoja, hana chombo kingine cha kuwashika isipokuwa kiitikio.

Kuna kejeli ya kihistoria hapa ambayo msomaji wa Kisangani ataielewa upesi. Vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, kampasi ya Kisangani ndiyo iliyokabidhiwa saikolojia na sayansi ya elimu. Kwa miaka kumi, hadi mfumo huo ulipovunjwa mwaka 1981, mji huu ulikuwa makao ya masomo hayo kwa taifa zima, na kitivo hicho kiko hai hadi leo katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Vizazi vya wanafunzi vimejifunza Piaget na Montessori umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye soko la udongo la Mangobo. Kilichoingia vitabuni kutoka kwenye soko hilo ni kidogo.

Kidogo, si sifuri. Utafiti mkubwa wa ukanda huu ulifanywa mashariki ya mji, katika msitu wa Ituri. Huko, katika miaka ya 1980, Gilda Morelli na wenzake waliwachunguza watoto wa Efe, jamii ya wawindaji wa msitu huo. Makala yake ya mwaka 1987, aliyoyaandika pamoja na Edward Tronick na Steve Winn, yalionyesha kwamba mtoto mchanga wa Efe hupita mikononi mwa walezi wengi, na hivyo kutikisa dhana kwamba malezi ya mama mmoja ndiyo kielelezo cha binadamu wote. Baadaye, mwaka 2003, Morelli, Barbara Rogoff na Cathy Angelillo waliwalinganisha watoto wadogo wa Efe, wa mji wa Wamaya wa San Pedro nchini Guatemala, na wa jamii mbili za tabaka la kati Marekani. Watoto wa Efe na wa San Pedro walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutazama kazi za watu wazima, na hata uigizaji wao ulijaa kazi hizo. Wale wa Marekani walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupewa vipindi vya somo na kucheza na watu wazima. Tofauti hiyo inasema jambo ambalo nadharia ya elimu ya awali hulificha. Mchezo ulioandaliwa mahususi kwa mtoto, pamoja na vifaa vyake vya kimo chake, ni dawa ya upungufu uliotengenezwa na maisha yaliyomtenga mtoto na kazi. Pale ambapo hajatengwa, dawa hiyo inatibu ugonjwa usiokuwapo.

Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti wa Epulu katika msitu huohuo miaka ya 1950, aliandika juu ya bopi, uwanja wa watoto kando ya kambi, ambako watoto wa umri tofauti walicheza kuwinda na kujenga vibanda huku watu wazima wakikaa mbali. Turnbull alikuwa mtu wa mapenzi makubwa kwa wenyeji wake, na wachunguzi waliomfuata wamemsoma kwa tahadhari. Mimi pia. Lakini kwa hoja yangu yatosha kwamba uwanja huo ulikuwa mmoja, haukugawanywa kwa miaka ya kuzaliwa.

Nchini Kenya na kwingineko, Thomas Weisner na Ronald Gallimore walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1977 jinsi malezi ya mtoto kwa ndugu yake yalivyoenea duniani, na jinsi saikolojia ilivyoyapuuza. Bame Nsamenang wa Cameroon alikwenda mbali zaidi: alidai kwamba miradi ya kimataifa ya malezi ya awali barani Afrika inafuta kwa mkono mmoja kile inachotaka kujenga kwa mkono mwingine, kwa kuwa haioni kwamba watoto wa Kiafrika hulelewa na kufundishwa kwa sehemu kubwa na watoto wenzao. Nakubaliana naye katika utambuzi. Sikubaliani na wafuasi wake wanaogeuza utambuzi huo kuwa sifa ya jumla ya mila, kana kwamba zamani palikuwa bustani ya uhuru wa mtoto. Kisangani yenyewe inawakanusha. Wagenia, wavuvi wa maporomoko, waliwatahiri wavulana wao kwa jando ambalo André Droogers alilichunguza lilipofanyika mwaka 1970. Humo mtoto hakuongoza lolote. Wakubwa waliongoza, kwa ukali na kwa makusudi, kwa sababu kulikuwa na mambo waliyoyaona kuwa hayawezi kuachiwa mchezo. Jamii ileile iliyomwacha mtoto ajifunze maji na mitego kwa kuwafuata ndugu zake ukingoni ilijua pia ni lini ashikwe mkono na kufundishwa kwa amri. Kujua mipaka hiyo ndiko kulikokuwa elimu.

Mfano wa Walokele, watu wa mto, unaeleza upande wa pili. John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyekaa Yakusu, kilomita chache chini ya mji kwenye ukingo wa mto, alichapisha mwaka 1949 kitabu chake juu ya ngoma zinazosema. Alieleza jinsi ngoma ya mti, yenye sauti mbili tu, inavyoiga toni za lugha ya Kilokele, na jinsi neno moja linavyorefushwa kuwa sentensi nzima ili lisichanganywe na jingine. Ni ufundi mgumu wa lugha, tena ulirithishwa kwa kusikia na kuiga. Kufikia miaka ya 1950 Carrington alikuwa akisikitika kwamba wavulana wa siku hizo hawakuujua tena kama baba zao. Hakuna aliyeupiga marufuku. Kukaa na wakubwa, bila kufundishwa rasmi na bila kuwa na la kufanya ila kusikiliza, ndiko kulikokuwa shule ya ngoma, na ratiba ya shule nyingine ilizichukua saa hizo.

Narudi kwenye asili ya njia hizi za kumfuata mtoto tunazoambiwa tuzilete, kwa sababu tarehe zake zina jambo la kutueleza. Januari 1907 Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Watoto wake wa kwanza walikuwa wa familia za vibarua, waliokuwa wakibaki peke yao mchana wazazi wakiwa kazini, na aliwaweka pamoja bila kuwagawa kwa mwaka. Kuchanganya umri, takriban miaka mitatu hadi sita, kulibaki nguzo ya mbinu yake. Kwenye matangazo ya shule za wenye nacho katika miji mikubwa ya Afrika, jina lake leo linauza vifaa vya mbao. Nguzo ile haitangazwi sana, labda kwa kuwa haigharimu kitu. Mwaka huohuo wa 1907 Ovide Decroly, daktari Mbelgiji, alifungua shule yake Brussels, akajenga masomo juu ya mahitaji na mvuto wa mtoto, na mawazo yake yakaingia katika programu ya shule za msingi za Ubelgiji mwaka 1936. Mwaka mmoja baada ya Decroly kuanza, Novemba 1908, Ubelgiji iliichukua Kongo kuwa koloni lake. Kwa hiyo nchi iliyotawala Stanleyville, jina la Kisangani hadi 1966, ilikuwa moja ya nchi zilizotangulia duniani katika elimu inayomfuata mtoto. Hapa ilileta katekisimu, nidhamu na kazi za mikono.

Lakini ilileta pia fundisho la kwamba elimu ya Mkongo iendane na mazingira yake. Hapo ndipo penye kidonda. Kuendana na mazingira kulimaanisha lugha ya kienyeji, bustani ya shule na ufundi, huku Kifaransa cha kutosha kumpeleka mtu mbali kikiwekewa wachache. Tabaka la walioitwa évolués, yaani Wakongo waliosoma, mjini Stanleyville, ambalo Patrice Lumumba, karani wa posta, alikuwa mmoja wa viongozi wake mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilielewa vizuri kwamba shule ya mazingira ilikuwa dari. Mzazi wa Makiso leo, akiambiwa kwamba mtoto wake atajifunza kwa majani, mbegu na lugha ya nyumbani, hana haja ya kuwa amesoma historia ili ashuku. Bibi yake alikwisha kuambiwa hivyohivyo. Mtaalamu anayemwita mzazi huyo mshamba wa karatasi na daftari amekosa adabu, tena amekosa kumbukumbu.

Ndiyo maana naona ni kosa kuanza mageuzi na vifaa. Miongozo mingi ya elimu hai huanza hapo: kona ya ujenzi, kona ya maji, kona ya vitabu, midoli ya vibuyu na vifuniko vya chupa. Kwa shule inayoishi kwa minervali, yaani ada, ya wazazi, kona hizo ama ni gharama isiyobebeka ama ni dalili ya umaskini inayopambwa kwa maneno mazuri. Elimu ya msingi ya umma ilitangazwa kuwa bure kwa vitendo mwaka wa masomo wa 2019, kwa mujibu wa ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, lakini materneli kwa sehemu kubwa bado inalipiwa na mzazi, iko mijini, na nchini kote haifikii hata mtoto mmoja katika kumi. Mzazi anayelipa anataka kuona alichokilipia. Daftari lenye herufi zilizonakiliwa ni risiti. Ukilichukua bila kumpa risiti nyingine, atampeleka mtoto kwa jirani anayeandikisha herufi zaidi, na atakuwa na haki.

Kuanza na kundi hakudai kifaa hata kimoja. Kunadai ratiba. Shule yenye madarasa matatu ya awali na walimu watatu inaweza kuwa na vikundi vitatu vya umri mchanganyiko na walimu walewale watatu, katika vyumba vilevile. Kila mwaka theluthi moja ya watoto ni wapya na theluthi mbili wanajua mahali pa choo, wimbo wa kuingia, namna ya kushika kalamu, na nani hulia akiachwa na mama. Mwalimu hafundishi tena utaratibu kwa watoto wote kila Septemba. Anaurithisha kwa theluthi mbili nao wanaurithisha kwa iliyobaki. Aliyewahi kukaa wiki mbili za kwanza katika darasa la watoto wa miaka mitatu watupu ataelewa uzito wa tofauti hiyo bila takwimu.

Na lugha? Sheria ya 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mazingira kutumika kufundishia, na Kiswahili na Lingala zote ni za taifa kwa mujibu wa ibara ya kwanza ya Katiba. Kisangani ni mahali ambapo lugha hizo mbili zinakutana. Kiswahili kilifika na misafara ya pwani; Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alikubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, alikuwa msambazaji wa lugha hiyo katika maporomoko haya kama alivyokuwa mfanyabiashara wa pembe na mwindaji wa watumwa. Lingala ilipanda mto na majeshi na meli. Walimu huuliza: katika darasa lenye watoto wa nyumba za Kiswahili, za Lingala, na za Lubunga ambako wengine wanasikia Kilengola au Kimbole, nifundishe kwa lugha ipi? Swali linakuwa gumu pale tu mwalimu anapokuwa chanzo pekee cha maneno. Katika soko la udongo hakuna aliyeuliza. Mtoto wa miaka mitano aliyezoea lugha mbili humtafsiria wa mitatu bila kujua kwamba anatafsiri. Kifaransa kinaweza kuingia katika kundi kama hilo kama lugha ya tatu ya kazi maalumu, yaani hadithi, nyimbo na majina ya vitu vya shule, na kikaingia vizuri zaidi kwa kuwa hakibebi peke yake mzigo wa kueleweka.

Nina mfano mmoja wa taasisi ambayo haijawahi kuvunja kundi, nao utawashangaza wapenzi wa njia mpya. Ni chuo cha Kurani. Humo hakuna darasa la wa mitano na darasa la wa sita. Kila mwanafunzi yuko kwenye sura yake, anakwenda kwa kasi yake, na aliyemaliza juzuu humsikiliza anayeanza alifu. Mbinu ya kusoma ni ya kukariri tena yenye kiboko, na sitaitetea. Lakini mpangilio wa watu ni ule ambao shule za gharama kubwa Ulaya zinaulipia wataalamu waurudishe. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki kuna waliouona. Mwaka 1986, Mombasa, Mfuko wa Aga Khan ulianza na jamii za Waislamu programu ya Madrasa za awali, ikaenea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Iliunganisha mafunzo ya dini, lugha ya nyumbani, na mbinu hai zilizorekebishwa kutoka mtaala wa High/Scope wa Marekani. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha mwaka 2008 tathmini ya watoto wa nchi hizo tatu: waliohudhuria shule ya awali ya aina yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani katika majaribio ya akili, na wa Madrasa wakawazidi wa shule nyingine. Tathmini haikupima kundi la umri mchanganyiko peke yake, kwa hiyo siwezi kuitumia kama ushahidi wa hoja yangu. Naitumia kwa jambo dogo zaidi: wazazi wa kipato cha chini, wenye mashaka yaleyale ya wazazi wa Kisangani, waliikubali elimu hai kwa kuwa ilikuja ndani ya taasisi waliyoiamini.

Mapingamizi yapo, na mawili kati yake si ya kupita juu juu. La kwanza ni la akina Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark, ambao mwaka 2006 walidai kwamba anayeanza kujifunza jambo akiachwa agundue mwenyewe anaelemewa, na hufaidika zaidi akielekezwa waziwazi. Waliandika wakiwa na wanafunzi wakubwa akilini, lakini kuhusu herufi hoja yao inasimama hata kwa mtoto wa miaka mitano. Hakuna kundi la watoto litakalogundua sokoni kwamba alama fulani inasomeka b. Huo ni mkataba wa watu wazima, sawa na siri za jando, na unatakiwa kufundishwa na mtu mzima, kwa dakika chache, kila siku, kwa walio tayari. Katika kundi la umri mchanganyiko hilo ni rahisi zaidi: mwalimu anaweza kuwaita wakubwa sita pembeni kwa ajili ya sauti za herufi kwa kuwa wengine hawamhitaji kwa muda huo. Katika darasa la umri mmoja, akiwaita sita, nyumba inaungua.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi. Yule msichana wa miaka tisa mwenye mtoto mgongoni hakuwa shuleni alasiri ile. Huenda shule yao ina zamu mbili, kama shule nyingi za msingi zilizofurika tangu ada ifutwe, naye alikwisha kusoma asubuhi. Huenda hakwenda kabisa. Weisner na Gallimore wenyewe walionyesha kwamba ulezi wa ndugu huangukia wasichana zaidi, na mtu anayelisifu kundi la watoto bila kuutaja mgongo huo anasifu kazi isiyolipwa ya mtoto wa kike. Jibu langu ni kwamba shule ya awali isitegemee dada kwa ulezi. Inatakiwa kumwondolea mzigo huo. Kila mtoto wa miaka mitatu anayepokelewa materneli ni mgongo mmoja unaopumzika. Na ndani ya materneli uongozi wa kundi unagawanywa na mwalimu kwa makusudi, ili wavulana wa miaka mitano wavishe wenzao viatu, wagawe vikombe na wafute pua za wadogo. Nyumbani hawaambiwi kufanya hivyo. Hapa shule haina sababu ya kuiga ua wa Mangobo hata kidogo.

Inabaki risiti ya mzazi. Mwalimu wa kundi mchanganyiko ana kitu cha kuonyesha ambacho daftari halina, ila lazima akiandike. Kwa kila mtoto, mara moja kwa muhula: ni kazi gani za kundi anazifanya peke yake, zipi anazifanya akisaidiwa, na zipi amekwisha kumfundisha mwenzake. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani. Mtoto aliyeandikiwa hapo kwamba amewafundisha wawili kuhesabu hadi ishirini amethibitisha hesabu hiyo kuliko kurasa kumi za kunakili. Buletini ya namna hii inaingia kwenye ukurasa mmoja. Ibebe pia herufi anazozitambua, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, maana mzazi atazitafuta kwanza.

Kikwazo kikubwa kiko mbele ya materneli, si ndani yake. Septemba darasa la kwanza la msingi litampokea mtoto huyu aliyezoea kusaidia na kusaidiwa, litamketisha katika benchi na watoto wa mwaka wake, wengi kuliko alivyowahi kuwaona chumbani, na kumsaidia jirani kutaitwa kunakili. Walimu wa ngazi zote mbili wanatoka katika shule zilezile za sekondari za ualimu, na walimu wa shule hizo wanatoka kwa sehemu kubwa katika Taasisi ya Juu ya Ualimu na kitivo kile cha mwaka 1971. Mnyororo wote uko ndani ya mji mmoja. Jaribio linaweza kuanza na shule chache zenye materneli na msingi katika ua mmoja, ambako kundi lingepanuliwa hadi kumaliza darasa la pili, watoto wa miaka mitatu hadi saba, na kitivo kikafuatilia kwa miaka mitano wanaosoma, wanaoacha, na nani anabaki nyumbani kulea.